Saa Haijakununia, Mdogo Wangu

Haya, shusha pumzi kwanza. Najua umekasirika, na una haki. Umenunua Apple Watch kwa hela iliyokuuma, au umeletewa na mjomba aliyerudi kutoka Dubai, ukaambiwa ukishaivaa laptopu yako ya Mac itafunguka yenyewe ukiisogelea, na simu itafunguka hata ukiwa umevaa barakoa. Siku za mwanzo ikawa hivyo hivyo. Ukawaonyesha wenzako ofisini, wakasema, "Hebu tena!" Kisha asubuhi moja ukanyanyua kioo cha laptopu, ukangoja, ukangoja, ikakuomba neno la siri. Ukajaribu simu, nayo ikakuomba namba. Tangu hapo umebonyeza kila kinachobonyezeka, na sasa umeshika pochi unataka kwenda kwa fundi. Rudi. Kaa hapa na dada yako kabla hujaenda kutoa hela na, kibaya zaidi, kumtajia mtu usiyemjua namba zako za siri.

Wengi mnaoniletea swali hili mnaanza kwa kuomba radhi: "Dada, samahani, mimi mambo haya siyajui." Nani kakulazimisha uyajue? Jambo hili lina masharti mengi, na aliyekuuzia hakukutajia hata moja, maana angekutajia usingenunua siku ile. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukaa na kitu cha laki kadhaa mkononi unakiona mchawi.

Uelewe hivi. Saa hiyo ni mlinzi wa getini. Anakujua, mnasalimiana kila siku, lakini ukimjia usiku umejitanda khanga hadi machoni atakuuliza wewe nani, na utamshukuru kwa hilo siku mwizi atakapokuja amejitanda vilevile. Kabla ya kufungua chochote inataka kuridhika kwamba aliyeivaa ni wewe, uko macho, uko karibu, na vyombo hivyo vyote ni vyako kweli. Ikigoma, mara nyingi haijaharibika. Kuna swali moja kati ya hayo ambalo hujalijibu, na wala hukujua kwamba umeulizwa.

Tuanze hapo mkononi. Saa lazima iwe na namba ya siri. Najua kuna mtu hapa ameiondoa kwa sababu ilimchosha kuiandika kila akitoka kuoga. Nimekukamata. Bila namba hiyo saa yako haitafungua Mac wala simu. Pamoja nayo kuna kitambuzi cha mkono, kinachokaa kwenye Mipangilio ya saa, hapo hapo penye namba ya siri. Kazi yake ni kujua kwamba saa iko mwilini, na ukiivua tu inajifunga. Ukikizima, umeivunja ahadi yote. Kitambuzi hicho kinategemea mwanga unaomulika ngozi kutoka mgongoni mwa saa, kwa hiyo saa inayoning'inia na kuzunguka haikusomi vizuri, na ile unayoivaa juu ya mkono wa baibui ili watu waione haikusomi kabisa. Kaza mkanda. Usiukaze hadi vidole vife ganzi, ila saa ikae ilipowekwa. Futa mgongo wake mafuta na jasho. Kisha tazama juu ya kioo: ukiona alama ndogo ya kufuli, saa yenyewe imefungwa, nayo ikiwa imefungwa haina uwezo wa kumfungulia mwingine.

Na nyie mabibi harusi na mashoga zenu, njooni karibu. Apple wenyewe wanaeleza kwamba mabadiliko ya ngozi, ya kudumu au ya muda, yanaweza kuvuruga vihisi vya saa, na wametaja michoro ya tatuu, kwamba wino wake na ukolevu wake unaweza kuuzuia mwanga. Sisi huku tatuu si desturi yetu sana, lakini piko je? Piko jeusi tii, maua yaliyoshonana kutoka kwenye vidole hadi juu ya kifundo cha mkono, halafu saa imekaa katikati yake. Ukiona wiki ya harusi saa inajifunga ovyo na kukuomba namba kila mara, usimlaumu aliyekuletea. Ihamishie mkono mwingine au pale ambapo ngozi haikuchorwa. Kama mikono yote imechorwa, andika neno la siri mpaka piko lififie. Harusi ni ya kwako, mashine ingoje.

Sasa hewani. Bluetooth na waifai lazima ziwe zimewashwa kwenye saa, na kwenye kile unachotaka kukifungua. Hapa ndipo penye mkanganyiko ninaouelewa kabisa, kwa sababu sisi tumelelewa kuogopa bando kuisha. Mtu akimaliza kazi anazima waifai ya laptopu, anasema anabana matumizi, au anapata intaneti kwa waya wa simu na kuona waifai haina kazi. Mdogo wangu, saa na Mac haziongei kupitia kwa kampuni ya simu. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe, hewani, pale mezani, na mazungumzo hayo hayali bando lako hata kidogo. Waifai iwashwe hata kama haijaungana na mtandao wowote. Ziangalie na zile hali za ndege unazowasha usiku ukasahau kuzizima.

Halafu kuna huu ukarimu wenu wa ofisini. Laptopu moja imechomekwa waya wa intaneti, mwenyewe ameigeuza kuwa hotspoti, na chumba kizima kinakula kwake. Roho nzuri, Mungu akuzidishie, lakini Mac ikiwa inagawa intaneti namna hiyo kufunguliwa kwa saa kunasimama. Vivyo hivyo unapokuwa umemruhusu mtu aitazame skrini yako kutoka mbali. Zima ugawaji huo, jaribu tena, uone. Wenzako wanunue bando zao.

Na ukaribu ni ukaribu kweli. Mac haitosheki na kusikia kwamba saa ipo mahali fulani hapo nyumbani. Inapima muda ambao mawimbi yanachukua kusafiri, ili ijue umbali wenyewe, asije mjanja akaikuza ishara ya saa yako iliyoko chumba cha pili na kujifungulia. Kwa upande wa simu, umbali unaoruhusiwa ni kama mita 2 hadi 3. Ukiwa jikoni na laptopu iko sebuleni, usitarajie muujiza.

Kuna jambo jingine linalowaliza watu bure. Umeme umekatika, chaji imeisha, au uliizima Mac ukaiwasha upya: mara ya kwanza itataka neno la siri, na saa haitasaidia. Imetengenezwa hivyo makusudi. Saa inafungua Mac iliyolala, haifungui iliyozimwa wala ile uliyojitoa kabisa. Andika neno la siri mara moja, kisha mambo yatarudi. Hapa sasa ndipo ninapotaka kukuonya, na nitakuonya tena kabla hujainuka: saa inakudekeza. Ukikaa muda mrefu bila kuandika neno la siri unalisahau, mdogo wangu. Wapo walioshinda siku nzima nje ya laptopu zao wenyewe, kazi ya bosi iko ndani, kwa sababu umeme ulikatika na kichwani hamna kitu. Uzoee kuliandika mwenyewe mara moja moja, hata kama saa iko tayari. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kuhusu simu, wengi mnaigombeza bure. Saa haifungui kila iPhone. Ni zile zenye Face ID tu, yaani zinazokutambua kwa uso, kuanzia iPhone X, na huduma yenyewe ilikuja Aprili 2021 na iOS 14.5, programu ya simu, pamoja na watchOS 7.4, programu ya saa, kipindi cha corona, watu walipochoka kushusha barakoa sokoni ili simu iwatambue. Kwa hiyo kazi yake ni pale uso wako umezibwa na kitu: barakoa, nikabu, miwani mikubwa ya jua. Uso ukiwa wazi simu inakutambua yenyewe, saa haina haja ya kuingia kati. Na masharti yake ni makali kuliko ya Mac. Ukishaivaa saa asubuhi na kuifungua, lazima simu nayo uifungue kwa njia nyingine angalau mara moja. Lazima simu iwe imefunguliwa ndani ya muda wa saa 6 na nusu uliopita. Na saa isiwe katika hali ya kulala.

Hilo la kulala ndilo linalowachanganya wanaolala na saa mkononi ili iwapimie usingizi. Wanaamka, wanashika simu, haifunguki, wanakasirika kabla ya kupiga mswaki. Fikiria kidogo. Ukiwa umelala fofofo, mtu aliye kando yako angeweza kuvaa barakoa, kuinua simu yako, na saa iliyoko mkononi mwako ikamfungulia. Kwa hiyo wametaka dalili kwamba uko macho: umeifungua simu au saa hivi karibuni, au mkono unatembea. Nimewahi kuulizwa, tena kwa hasira, "Sasa mume wangu anaweza kunifungulia simu nikilala?" Sitaingia kwenye ndoa ya mtu. Nitasema tu kwamba ulinzi huo umewekwa kwa sababu, na usitafute namna ya kuuzunguka.

Wala ukiwa macho usijisahau. Uso ukizibwa simu haikutazami wewe vizuri, inaitegemea saa. Huduma hii ilipotoka tu mwaka 2021 watu waliijaribu, wakaona mtu mwingine aliyevaa barakoa anaweza kuifungua simu ya mwenye saa aliye karibu. Ndiyo maana kila simu inapofunguliwa namna hiyo saa inakugusa mkononi na kukuonyesha ujumbe, wenye kitufe cha kuifunga simu papo hapo. Ukihisi mguso huo na simu huna mkononi, bonyeza kitufe kwanza, maswali baadaye. Simu itajifunga na kudai namba. Afueni ni kwamba kwa njia hii simu inafunguka tu, haiidhinishi malipo wala haifungui programu zinazodai uso wako. Usishangae basi programu ya benki ikikukatalia ukiwa na barakoa wakati simu imekubali.

Sasa nisogelee, maana hapa ndipo ninapotaka kukushika sikio.

Saa, simu na Mac lazima ziwe kwenye akaunti moja ya Apple, na akaunti hiyo iwe na uthibitisho wa hatua mbili, yaani ukiingia kwenye kifaa kipya unaletewa namba kwenye simu yako kuhakikisha ni wewe. Zamani akaunti hiyo iliitwa Apple ID, mwaka 2024 wakaibadilisha jina ikawa Apple Account, usidhani ni vitu viwili. Fungua Mipangilio ya simu yako sasa hivi, gusa jina lililo juu kabisa. Ni jina la nani hilo?

Usinyamaze. Najua wengine mmeona jina la kijana wa dukani. Ulinunua simu, akakuambia, "Lete dada, nikuwekee kila kitu," ukampa, ukaenda kunywa soda, uliporudi simu inawaka na programu zote zimo. Hukuuliza zimeingia kwa akaunti gani. Akaunti yake, mdogo wangu, ile ile anayowawekea wateja wengine. Kisha ulipoiunganisha saa na simu, saa ikafuata akaunti hiyo hiyo. Mwaka ukapita, ukanunua Mac, safari hii ukawa mjanja ukafungua akaunti yako. Sasa laptopu iko kwako na saa iko kwa kijana wa dukani. Zima, washa, zima, washa mpaka Ramadhani nyingine, hazitafunguliana, kwa sababu kwa macho yao nyinyi ni watu wawili tofauti.

Wengine jina mliloliona ni la mwanamume mliyeachana naye. Ukimya wako umeniambia. Alikufungulia yeye mapenzi yalipokuwa moto, namba ya uthibitisho ikawa ya kwake, na mlipoachana ulirudisha viatu vyake na shati, akaunti ukaisahau. Nisikilize kwa makini hapa, maana saa kutofungua laptopu ndiyo shida ndogo kuliko zote. Mwenye akaunti anaweza kuona picha zinazohifadhiwa humo. Anaweza kuona simu yako iko mtaa gani. Anaweza kuifunga kutoka alipo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii umeivaa mchana kweupe, barabarani, miaka.

Sikusemi ili uone aibu. Hakuna aliyetufundisha, na hao waliokufungulia wengi wao walitaka kusaidia tu. Lakini tutoke humo taratibu, kwa mpangilio, bila pupa. Kwanza nakili picha zako na namba za watu mahali pengine palipo pako, kwenye kompyuta au diski, na uhakikishe zimefika. Pili, mtafute mwenye akaunti mkiwa bado mnasalimiana. Utamhitaji, kwa sababu kuitenganisha saa na simu kutadai neno la siri la akaunti hiyo, na kuitoa simu kwenye akaunti kutadai vilevile. Ni kinga dhidi ya wezi, na haijui kuwa wewe si mwizi. Akikubali aje aliandike mwenyewe mbele yako, hulihitaji kulijua. Tatu, anza na saa: itenganishe kupitia programu ya Watch iliyo kwenye simu. Kisha toa simu kwenye akaunti yake, ingia kwenye yako, halafu uiunganishe saa upya. Usianze na simu ukaiacha saa njiani.

Akaunti mpya ifungue kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako na unayoitumia kila siku. Ile laini ya ofa uliyoitupa kwenye droo haifai, maana laini isiyotumika hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine, na siku hiyo mgeni atapokea namba za kuingilia nyumbani kwako. Ongeza namba ya pili ya mtu unayemwamini. Mama, dada, kaka. Mpenzi wa miezi mitatu mwache kwanza.

Hili linawahusu pia mnaonunua saa za mtumba. Kama mwenyewe wa kwanza hakuitenganisha na simu yake, saa hiyo itakuomba neno lake la siri unapoiunganisha, na huna pa kulitoa. Muuzaji akikuambia "utaiunganisha ukifika nyumbani, haina shida," jibu lako liwe, "tuiunganishe hapa hapa." Akianza kutafuta maneno, rudisha hela mfukoni. Uliza pia ni toleo lipi. Series 3 iliyotoka 2017, kwa mfano, iliishia watchOS 8, na zipo bado zinazozunguka mikononi mwa watu zikiuzwa kama jambo jipya. Kwa upande wa Mac, kufunguliwa kwa saa kulianza 2016, na kunahitaji Mac ya katikati ya 2013 au ya baada ya hapo.

Kama laptopu ni ya ofisi, usijitese. Kuna waajiri wanaoizuia huduma hii kwenye mashine zao zote, na hapo hata ufanye nini haitafunguka. Muulize anayeshughulikia kompyuta za ofisi. Na usiingize akaunti yako binafsi kwenye mashine ya kazi ili tu ujifurahishe na saa, maana siku ya kuondoka kazini utahangaika.

Ikiwa umepita kote huko na bado, sasa ndiyo unazima na kuwasha. Saa, simu, Mac, vyote. Ukishaandika maneno ya siri, nenda kwenye Mipangilio ya Mac, sehemu ya neno la siri la kuingilia, uzime ile ruhusa ya kutumia Apple Watch, ungoje kidogo, uiwashe. Kwenye iPhone ruhusa hiyo iko pamoja na Face ID na namba ya siri. Mara nyingi inatosha, hasa ukiona ujumbe kwamba kifaa kimeshindwa kuwasiliana na saa. Kisha angalia kama kuna masasisho, na uyapakue ukiwa na waifai ya maana.

Hilo la masasisho usilidharau. Septemba 2021 iPhone 13 zilipotoka, watu walionunua simu mpya kabisa walikuta haziwezi kufunguliwa na saa, ujumbe unasema haiwezi kuwasiliana nayo, na hawakuwa wamekosea popote. Kasoro ilikuwa kwenye programu ya simu yenyewe. Tarehe 1 Oktoba ikatoka iOS 15.0.1 ikaiponya. Fikiria wangapi waliifuta saa nzima na kuanza upya wiki ile, wakati dawa ilikuwa kusubiri. Kwa hiyo tatizo likianza siku moja baada ya sasisho kubwa, jipe muda kidogo kabla hujachukua hatua kubwa.

Hatua ya mwisho kabisa ni kuitenganisha saa na simu na kuiunganisha upya. Simu huiwekea nakala saa wakati wa kuitenganisha, kwa hiyo vitu vyako vingi vitarudi, ila kadi za malipo utaziweka tena. Ifanye jioni umetulia, saa ina chaji, si dakika kumi kabla ya kikao. Na atakayekuambia uingie kwenye ghala la maneno ya siri la Mac ukafute mafaili ya kufungulia, mshukuru, umkwepe. Wapo wanaoyajua hayo. Wewe ukikosea mstari mmoja utafuta maneno ya siri ya maisha yako yote, halafu utanipigia unalia, nami nitalia na wewe, ila hayatarudi.

Wa Android sijawasahau. Huko hadithi ni nyingine. Simu nyingi za Android zina njia ya kuamini kifaa kilichounganishwa kwa Bluetooth, lakini tangu Android 10 ya mwaka 2019 njia hiyo haiifungui simu iliyokwisha kujifunga, inaizuia tu isijifunge baada ya wewe kuifungua, tena usipoigusa kwa saa 4 itakudai namba. Kwa hiyo mkilalamika kwamba "saa haifungui," huenda inafanya ilichoahidi. Lakini hii ndiyo inayonitia hofu zaidi: Bluetooth inaweza kufika hadi mita 100. Simu ikiporwa kwenye daladala pale Buguruni na mwizi akasimama ng'ambo ya barabara, saa yako bado iko karibu kwa hesabu za simu, na simu iko wazi mkononi mwake, pamoja na pesa zako za mtandaoni. Mimi ningekushauri uache. Kidole kinatosha.

Na ile saa ya elfu thelathini yenye sura ya Apple Watch, inayopima hata hatua ukiwa umekaa? Haifungui Mac. Haijawahi, haitaweza, na si kosa lako kuamini, maana boksi liliandikwa vizuri. Ivae kwa kuangalia muda.

Nilisema nitakuonya tena: neno lako la siri la Mac ni lipi? Usinitajie. Lijibu moyoni. Kama umesita, leo usiku vua saa, zima laptopu, iwashe, uliandike kwa mkono wako, na ukishindwa ni bora ushindwe leo kuliko siku ya kikao.

Limebaki la mdogo wangu mmoja aliyeuliza kwa nini saa haifungui iPad ya mtoto. iPad haimo kwenye mambo haya. Saa inafungua Mac na iPhone, basi. Iwekee namba ya siri, na isiwe tarehe ya kuzaliwa ya huyo mtoto, maana ndiyo ya kwanza atakayoijaribu.